Kadi ya Mtandao Inaposumbua kwenye Kompyuta ya Zamani ya Linux: Namna ya Kuisaka Hitilafu

Kompyuta inawaka vizuri, Linux inapanda, mafaili yote yapo, ila mtandao hakuna. Au mtandao upo asubuhi, ikigonga saa nane mchana umekatika. Ukichomoa waya na kuuchomeka tena unarudi kwa dakika kumi, kisha kimya. Wengi wakifika hapo husema "kadi imekufa" na kwenda kununua nyingine. Nimeletewa mashine nyingi zikiwa zimeshahukumiwa hivyo, na kadi zilizokufa kweli zilikuwa chache. Waya mbovu, tundu lenye kutu, draiva (programu inayoiendesha kadi) iliyopotea baada ya kusasisha mfumo, jina la kadi lililobadilika, hata kile kibetri cha saa kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta): vyote hivyo hukupa dalili zilezile za kadi iliyokufa.

Maelezo haya yanahusu kompyuta za mezani za kati ya 2006 na 2014 hivi, zile zinazofika kwetu kama mtumba wa maofisini na ambazo Linux bado inazifanya zifae kazi. Mifano ni ya Debian na Ubuntu, lakini amri nyingi ni zilezile kwingineko. Kila nitakapoandika enp3s0 au eno1, wewe weka jina la kadi yako.

Andaa vitu hivi kwanza: waya wa mtandao ambao umeshaujaribu kwenye mashine nyingine ukafanya kazi, simu ya Android na waya wake wa USB, flashi yenye Linux ya kuwashia, bisibisi ya nyota, na daftari. Daftari silitaji kwa mapambo. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo na mtandao ukarudi, hutajua ni kipi kilichoponya, na wiki ijayo utaanza upya. Badilisha kimoja, jaribu, andika, kisha nenda kwenye kingine.

Hatua ya 1: Waya na taa, kabla ya kugusa kibodi

Nyuma ya kompyuta, pembeni mwa tundu la mtandao, huwa kuna taa mbili ndogo. Moja huwaka kuonyesha kwamba kadi na swichi (kile kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao) vimeonana, nyingine hupepesa pakiti, yaani vipande vya data, zinapopita. Taa zote zikiwa zimezima, chomeka ule waya unaoujua ni mzima, kwenye mlango mwingine wa swichi. Hapo umeshabadilisha viwili, najua, lakini hapa inafaa: taa zikiwaka, rudisha mlango wa awali na waya uleule mzima. Zikibaki zimewaka, waya wa zamani ndio mbovu. Zikizima, mlango wa swichi ndio uliokufa.

Sikiliza pia ule mlio mdogo wa "tak" unapochomeka. Kile kiulimi cha plastiki kikiwa kimevunjika, waya hukaa tunduni kwa kuegemea tu, na mtu akipita karibu na meza unatikisika na kuachia. Kiulimi kilichovunjika hakina dawa. Kata kichwa, funga kipya.

Kuna dalili moja ya waya inayowachanganya hata mafundi. Mtandao wa megabiti 100 hutumia jozi mbili tu kati ya nne zilizomo ndani ya waya, yaani pini namba 1, 2, 3 na 6. Mtandao wa gigabiti hutumia jozi zote nne. Kwa hiyo waya uliokatika jozi ya buluu au ya kahawia unaweza kufanya kazi miaka kwenye swichi ya zamani, na siku mkinunua swichi mpya ya gigabiti ukaanza kusumbua: kadi na swichi zinakubaliana kwenda kwa 1000, zinashindwa, zinajaribu tena. Watu hulaumu kadi, au swichi mpya. Kosa limekuwamo ukutani muda wote.

Hatua ya 2: Je, mashine inaiona kadi?

Fungua terminali uandike:

lspci -nnk

Tafuta mstari wenye maneno "Ethernet controller". Kwenye kompyuta ya kawaida ya ofisini ya wakati ule utakuta kitu kama hiki:

03:00.0 Ethernet controller [0200]: Realtek Semiconductor Co., Ltd. RTL8111/8168/8411 PCI Express Gigabit Ethernet Controller [10ec:8168]
Kernel driver in use: r8169

Namba zile mbili za mwisho ndizo kitambulisho cha chipu. 10ec ni Realtek, 8086 ni Intel, 14e4 ni Broadcom. Ziandike kwenye daftari, maana ukitaka kutafuta msaada popote, hizo zitakufaa kuliko jina lililobandikwa kwenye boksi la kompyuta.

Mstari huo usipokuwepo kabisa, ingia BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe, inayofunguliwa inapowaka kabla ya Linux kupanda) kabla ya kukata tamaa. Kadi iliyojengwa ndani ya madabodi huwashwa na kuzimwa humo. Itafute kwenye vifaa vya ndani, mara nyingi imeandikwa "Integrated NIC" au "Onboard LAN". Betri ya saa ikifa, mipangilio ya BIOS hurudi ya kiwandani, na kama kuna aliyewahi kubadilisha kitu humo, mashine inaamka ikiwa tofauti na ulivyoiacha.

Kisha fanya jambo linaloonekana kama ushirikina lakini lina sababu yake. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, chomoa na waya wa mtandao, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa sekunde 30, subiri dakika moja, ndipo urudishe. Sababu ni hii: kompyuta iliyozimwa lakini bado imechomekwa umeme huendelea kuipa kadi umeme kidogo wa akiba, ili iweze kuamshwa kupitia mtandao. Chipu ikiganda katika hali mbaya, kuzima na kuwasha kwa kawaida hakuifikii. Inaendelea kula umeme ule wa akiba na kubaki ilivyoganda. Hutokea zaidi kwenye mashine zenye Windows na Linux pamoja, ambapo Windows huilaza kadi inapozima na Linux ikaikuta imelala. Kadi kadhaa za Realtek nilizoletewa kama maiti ziliamka kwa njia hii tu.

Ukiona mstari wa kadi upo lakini mwisho wake umeandikwa "(rev ff)", ujue kadi ilionekana wakati wa kuwaka kisha ikaacha kujibu. Hilo ni jambo la umeme au la mgusano wa sloti. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya 6.

Hatua ya 3: Draiva na faimwea

Kama lspci inaonyesha kadi lakini chini yake hakuna "Kernel driver in use", kadi inaonekana ila hakuna wa kuiendesha. Soma keneli, yaani kiini cha Linux, inasema nini:

sudo dmesg | grep -iE "eth|r8169|e1000|tg3|bnx2|firmware"

Mambo mawili hujirudia hapa.

La kwanza ni faimwea. Chipu nyingine hupakiwa programu yake ndogo kila mashine inapowaka, na programu hiyo si huria, hivyo Debian za zamani hazikuja nayo. Chipu za Broadcom zinazotumia draiva ya bnx2 haziinuki kabisa bila hiyo. Za Realtek mara nyingi huinuka na kulalamika tu, kisha husumbua baadaye. Tangu Debian 12, iliyotoka Juni 2023, faimwea hizi zimo ndani ya kisakinishi. Kwa mfumo wa kabla ya hapo itabidi uongeze sehemu ya non-free kwenye orodha ya vyanzo na kusakinisha firmware-realtek au firmware-bnx2. Kwenye Ubuntu zote zimo ndani ya linux-firmware.

Utasema: nitasakinishaje bila mtandao? Ndipo ile simu inapofanya kazi. Ichomeke kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya simu, washa kushiriki intaneti kupitia USB. Linux huitambua bila kusakinisha chochote. Andika ip link utaona kadi mpya, usb0 au jina refu linaloanza na enx. Kifurushi kimoja cha data cha siku kinatosha kabisa kwa kazi hii.

La pili ni draiva mbili zinazogombea kadi moja. Realtek wana draiva yao, r8168, na keneli ina yake, r8169. Mtu aliwahi kusoma mahali kwamba r8168 ni bora, akaisakinisha, na usakinishaji ule ukaipiga marufuku r8169 kwenye /etc/modprobe.d. Miezi sita baadaye keneli inasasishwa, r8168 inashindwa kujijenga upya kwa sababu vichwa vya keneli mpya (faili za kujengea draiva) havikuwemo, na sasa kadi haina draiva hata moja: moja imeshindwa, nyingine imefungiwa mlango. Mwenye mashine anaapa kwamba hajagusa kitu, na anasema kweli. Kagua hivi:

dkms status
grep -r r816 /etc/modprobe.d/

Ushauri wangu kwa mashine za umri huu ni kuiondoa r8168 na kuiacha r8169 ifanye kazi. Imekomaa sana katika keneli za miaka ya karibuni:

sudo apt purge r8168-dkms
sudo modprobe r8169

Hatua ya 4: Kadi ipo, draiva ipo, mtandao hakuna

ip -br link

Kama kadi yako imeandikwa DOWN bila neno UP ndani ya zile alama za mabano, haijainuliwa tu, na kadi ambayo haijainuliwa inaweza isiwashe hata taa. Iinue, subiri sekunde tano, tazama tena:

sudo ip link set enp3s0 up

Ukiona NO-CARRIER, kadi imeinuka lakini haisikii kitu upande wa pili: rudi kwenye waya. Ukiona LOWER_UP, waya na kadi vinaongea, na tatizo liko juu zaidi, kwenye mipangilio.

Kwenye mipangilio, kosa ninaloliona sana kwa mashine za zamani ni jina. Toleo la 197 la systemd (programu inayosimamia uwashaji wa mfumo), la mwaka 2013, lilileta majina yanayofuata mahali kadi ilipokaa: enp3s0 maana yake basi (njia ya data kwenye madabodi) la 3, sloti 0. Kabla yake kila kadi ya kwanza iliitwa eth0. Mashine iliyosasishwa kutoka mfumo wa zamani hubaki na /etc/network/interfaces inayoitaja eth0 ilhali hakuna eth0 tena. Au mmeongeza kadi ya picha, namba za mabasi zikasogea, na enp3s0 ikaamka ikiitwa enp4s0. Kadi haijaguswa, imehama jina. Nikitaka jina lisihame tena huandika faili /etc/systemd/network/10-lan.link lenye mistari hii, kwa anwani ya MAC (kitambulisho cha kadi kwenye mtandao) ya kadi yenyewe:

[Match]
MACAddress=00:11:22:33:44:55
[Link]
Name=lan0

Halafu sudo update-initramfs -u na kuwasha upya. Kumbuka kubadilisha jina hilo popote lilipotajwa jina la zamani.

Kama unatumia NetworkManager (programu inayosimamia miunganisho ya mtandao), nmcli device status ikikuambia kadi ni "unmanaged", kwa kawaida ni kwa sababu imetajwa ndani ya /etc/network/interfaces. Futa mistari hiyo, bakiza ile ya lo, kisha uwashe upya huduma.

Halafu panda ngazi kwa ping (amri inayotuma ujumbe na kungoja jibu), bila kuruka kidato: kwanza anwani ya ruta, kisha 1.1.1.1, kisha jina la tovuti yoyote. Ruta ikijibu, kadi yako haina kosa, na huna sababu ya kufungua boksi. Namba zikijibu na majina yasijibu, ni DNS, huduma inayogeuza majina kuwa namba. Na kama kila kitu kinajibu lakini kivinjari kinalalamikia vyeti na apt inasema faili la Release "is not valid yet", tazama saa kwa kuandika date. Saa ikirudi miaka ya nyuma, betri ya CR2032 imekwisha. Mpya ina volti 3. Ukiipima ikaonyesha chini ya 2.7, itupe.

Hatua ya 5: Mtandao unaokatika na kurudi

Hapa ndipo kazi ilipo. Kadi iliyokufa kabisa ni rahisi; inayokufa na kufufuka ndiyo inayomaliza siku ya fundi. Anza kwa kuhesabu. Keneli huandika ni mara ngapi kiungo kimekatika au kurudi tangu mashine iwashwe:

cat /sys/class/net/enp3s0/carrier_changes

Andika namba hiyo asubuhi, isome tena mtandao unapokatika. Ikiwa imepanda, kiungo chenyewe kinakatika: waya, tundu, swichi, au sehemu ya kadi inayoshika waya. Ikiwa imesimama palepale na mtandao haupiti, kiungo kipo lakini kadi imeganda ndani, na hilo ni la draiva au chipu. Namba hii moja inakuonyesha njia ipi ya kufuata, ndiyo maana naitanguliza.

Namba ikipanda, tazama na makosa:

ip -s -s link show enp3s0
sudo ethtool -S enp3s0 | grep -iE "err|crc|align"

Makosa ya CRC yakiongezeka, pakiti zinafika zimeharibika njiani. Washa ping kuelekea ruta, shika kichwa cha waya, kizungushe polepole juu, chini, kushoto, kulia, huku macho yako kwenye skrini. Mwaka mmoja niliitwa kwenye duka la kuchapisha hapa Tanga. Mashine ilikuwa ikikatika kila alasiri, wameshabadilisha waya mara tatu na swichi mara moja. Nilipoinua kichwa cha waya kidogo ping ilirudi, nilipokiachia ilikata. Nikachukua tochi ya simu nikachungulia tunduni. Pini nane zinatakiwa kulala sambamba kama meno ya kitana, za rangi ya dhahabu. Ya tatu kutoka kushoto ilikuwa imezama chini ya wenzake, na shingoni mwake kulikuwa na ukungu wa kijani: chumvi ya hewa ya pwani imekula shaba. Mchana chumba kikipata joto, plastiki ilikuwa ikitanuka kiasi cha kuiachanisha na waya. Kadi ilikuwa imejengwa ndani ya madabodi, hivyo tundu lile sikuligusa zaidi. Nilifunga kadi nyingine kwenye sloti na kuifungia ile ya ndani kule BIOS.

Kabla ya kuondoka kwenye makosa, soma pia ethtool enp3s0 bila kitu kingine. "Speed: 100Mb/s" kwenye swichi ya gigabiti inakurudisha kwenye zile jozi nne. "Duplex: Half", yaani kutuma na kupokea kwa zamu, inaashiria kwamba kuna mtu aliyelazimisha kasi upande mmoja, labda kwenye swichi, na upande wa pili umeshindwa kupatana naye; mtandao unakuwa hai ila mzito kupindukia, hasa faili kubwa zinapopita. Rudisha pande zote mbili zipatane zenyewe.

Kama namba ya carrier_changes haipandi, nenda kwenye kumbukumbu za keneli:

sudo journalctl -k -b | grep -iE "watchdog|hang|timed out"

"NETDEV WATCHDOG: transmit queue 0 timed out" maana yake draiva iliipa kadi pakiti za kutuma, ikangoja, kadi haikuzimaliza. "Detected Hardware Unit Hang" ni lugha ya e1000e ya Intel, na nimekutana nayo mara nyingi kwenye chipu ya 82579LM, ile iliyomo kwenye kompyuta za ofisini za 2011 kama Dell OptiPlex 790. Ujumbe unatisha, lakini mara nyingi kadi haijafa. Jaribu kuipunguzia mzigo wa kukata data kuwa pakiti, kazi hiyo ifanywe na prosesa:

sudo ethtool -K eno1 tso off gso off

Ikitulia kwa siku nzima, umepata dawa. Iweke kwenye mipangilio ya kuwashia maana amri hii husahaulika mashine ikizimwa. Isipotulia, jaribu kuzima uokoaji wa umeme, kimoja kimoja. Kwanza ule wa kiungo:

sudo ethtool --set-eee enp3s0 eee off

Kadi isiyo na uwezo huo itakujibu kwamba haiwezi, endelea. Kisha ule wa basi la PCI Express: fungua /etc/default/grub, ongeza pcie_aspm=off kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, endesha sudo update-grub, washa upya. Hii ndiyo iliyonisaidia zaidi kwa kadi za Realtek zinazoganda zikikaa muda bila kazi.

Kadi za Intel na nyingi za Broadcom zinazotumia tg3 zina uwezo wa kujipima zenyewe, na ni aibu kutoutumia:

sudo ethtool -t eno1 offline

Mtandao utakatika kwa sekunde kadhaa, kisha utaona matokeo ya rejista, EEPROM, mikatizo na mzunguko wa ndani. Sifuri ni salama. EEPROM ikishindwa, au dmesg ikisema "The NVM Checksum Is Not Valid", kumbukumbu ndogo ya kadi imeharibika, na mara nyingine anwani ya MAC huonekana ikiwa sifuri tupu au ff tupu. Hata programu inaweza kusababisha hilo: mwaka 2008 keneli za majaribio za 2.6.27 ziliharibu kumbukumbu hizo kwenye kadi za e1000e hadi hitilafu ilipopatikana kwingine kabisa, kwenye sehemu ya keneli ya kufuatilia utendaji. Kwa mtumiaji wa leo, kadi ya namna hiyo ni ya kubadilishwa.

Kabla hujachukua bisibisi, washa mashine kwa ile flashi ya Linux. Mfumo mwingine, keneli nyingine, kadi ileile. Ikifanya kazi vizuri kwa saa mbili humo, kosa liko kwenye mfumo uliosakinishwa, na kufungua boksi ni kupoteza muda.

Hatua ya 6: Kufungua boksi

Zima, chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja kumaliza chaji iliyobaki. Gusa chuma cha boksi kwa mkono mtupu kabla ya kugusa kadi.

Kama kadi iko kwenye sloti, ifungue skrubu, ishike kwa pembe zote mbili na kuivuta wima, usiipinde. Tazama ule ukingo wenye meno ya dhahabu. Ukiwa na weusi au madoa, usugue taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, kisha upanguse kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye spiriti ya isopropili. Vumbi la ndani ya sloti lipulizwe, usilipulizie kwa mdomo; mate yana unyevu na chumvi. Irudishe kwenye sloti nyingine kama ipo, na ukumbuke kwamba jina lake litabadilika.

Kama radi ilipiga karibu siku mtandao ulipokufa, tafuta karibu na tundu la mtandao alama ya kuungua au chipu iliyotoboka. Radi hupenda kuingia kupitia waya mrefu wa mtandao uliopita nje kati ya majengo mawili, na mashine nzima inaweza kubaki hai huku kadi peke yake imeungua. Hapo usijaribu kufufua kitu.

Hatua ya 7: Kuweka kadi nyingine

Angalia sloti kabla ya kwenda dukani. Ile ndefu nyeupe, mara nyingi, ni PCI ya zamani. Ile fupi yenye urefu wa sentimita mbili na nusu ni PCI Express x1. Kadi ya moja haiingii kwenye nyingine, lakini kadi ya x1 inaingia na kufanya kazi kwenye sloti ndefu ya x16. Boksi likiwa jembamba, dai kadi yenye bati fupi, vinginevyo halitafunga.

Kwa PCI Express mimi hutafuta Intel yenye chipu ya 82574L; inatumia e1000e, haihitaji faimwea, na hutulia. Kadi ya kawaida ya Realtek 8168 nayo inatosha kwa ofisi. Kwa PCI ya zamani, RTL8139 inapatikana kwa bei ya chai na Linux inaijua tangu enzi hizo, ila inaishia megabiti 100. Kama hakuna sloti iliyobaki, adapta ya USB yenye RTL8153 au AX88179 itatambuliwa mara moja na keneli yoyote ya karibuni. Kwenye mlango wa USB 2.0 usitegemee gigabiti kamili, maana mlango wenyewe unaishia megabiti 480 kwa hesabu ya karatasini.

Ifungie kadi mbovu kule BIOS, isije ikaendelea kuigandisha mashine. Kisha kumbuka mambo yaliyofungwa kwenye anwani ya zamani ya MAC: ruta iliyokuwa ikiigawia mashine anwani maalumu ya IP haitaitambua tena, na printa au folda za pamoja zinazoitafuta kwa anwani ile zitaikosa. Badilisha MAC kwenye ruta siku hiyohiyo.

Mwisho pima, kwa mashine mbili zenye iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao. Kwenye moja andika iperf3 -s, kwenye hii andika, ukiweka anwani ya IP ya ile nyingine:

iperf3 -c 192.168.1.20 -t 3600

Hiyo ni saa nzima ya kusukuma data. Kadi nzima ya gigabiti itakupa karibu megabiti 940 kwa sekunde, ya megabiti 100 itakupa karibu 94. Saa ikiisha, soma tena carrier_changes na makosa ya CRC. Namba zikiwa palepale zilipokuwa, funga kifuniko, kaza skrubu, uandike tarehe na chipu ya kadi mpya kwenye kipande cha karatasi ukibandike ndani ya mlango wa boksi, ambako fundi atakayekuja baada yako atakiona.